Ugonjwa au Urembo: Miaka Yangu Kwenye Dirisha la Meno

Shiko, wewe na wenzako mliniambia siku ile ya kuniaga, keki ikiwa bado haijakatwa, kwamba niwaandikie ninayoyajua kabla sijayasahau. Basi nimekaa mezani hapa Shauri Moyo, chai iko kando, ninaandika. Mtanisamehe nisipotaja nilipandishwa cheo lini au nililipwa ngapi. Cheo hakikuwa kikubwa, na mshahara ulikuwa mdogo kuliko cheo. Nitaandika juu ya meno, kwa sababu ndiyo yaliyonilisha.

Watu hucheka nikiwaambia nimefanya kazi ya meno katika kiwanda cha sabuni bila kumng'oa mtu hata jino moja. Nyinyi mnalijua lile dirisha la mwisho kwenye ukumbi wa malipo, baada ya la mishahara na la hospitali, lenye kioo kilichopasuka pembeni. Hilo ndilo la meno na miwani. Mfanyakazi akitaka mfuko wa afya wa kiwanda umlipie daktari wa meno, yeye au mwanawe, anapita hapo kwanza. Mimi nilikaa upande wa ndani tangu nywele zangu zikiwa nyeusi.

Siku ya kwanza nilitoka nyumbani kwa miguu, nikakata reli, viatu vizuri vikiwa kwenye mfuko. Nilipokewa na karani mkuu, Bwana Ndolo, mtu mwembamba wa kutoka Machakos, mzee wa kanisa, ambaye sikuwahi kumwona bila tai. Nilitarajia anionyeshe mafaili. Hakunionyesha hata moja. Saa ya chakula ilipofika tukaletewa githeri, mahindi na maharagwe, naye akaniambia, "Bi Maimuna, leo utatafuna upande wa kushoto peke yake. Ukijisahau, weka kijiko chini, uanze tena."

Nilidhani ana kichaa. Lakini siku ya kwanza kazini mtu habishi, kwa hivyo nikatafuna upande mmoja. Mahindi yale yalikuwa magumu kama kokoto. Githeri iliniisha hamu kabla haijaisha sahanini, taya likaniuma, na jioni nilirudi nyumbani na njaa nikagombana na marehemu mume wangu ambaye kosa lake lilikuwa kuuliza kama kuna chai. Asubuhi yake Bwana Ndolo akanitazama mara moja tu. "Sasa unamjua mtu anayekuja kwenye dirisha lako," akasema. "Ana njaa, na ana hasira, na hakuja kugombana na wewe. Anza kazi."

Mafunzo ya kodi yalikuja baadaye, nayo nitayasema kwa ufupi maana nyinyi vijana mnapenda kuyatafuta kwenye kompyuta na mnayapata nusu. Kiwanda kikimlipia mfanyakazi matibabu kupitia mpango wa afya ambao ni wa wafanyakazi wote sawa, malipo yale si mapato yake, wala hayakatwi kodi. Hiyo ndiyo nafuu yetu. Lakini kiwanda kikimhurumia mtu kikampa pesa mkononi aende akajitibu, pesa ile ni mshahara kama mshahara mwingine, na mtu wa kodi ataila kabla ya daktari. Na yule anayejilipia mwenyewe mfukoni akaweka risiti zake vizuri, akidhani mwisho wa mwaka atazidai kwenye ritani ya kodi, anajisumbua bure. Bima ya afya anayoilipia ina nafuu yake. Jino halina.

Kwa hiyo msemo wa Bwana Ndolo, ambao mliwahi kuucheka mkidhani ni wangu, ulikuwa huu: kibali kwanza, ganzi baadaye. Mtu aje kwetu kabla hajafungua mdomo kwa daktari. Wangapi walinisikia? Mitaa yetu hii ina kosa moja ambalo sijaliona likiandikwa kwenye kitabu chochote cha uhasibu. Mtu akiugua, majirani hawangoji. Wanachanga usiku uleule, mhazini wa chama chao cha kuchangiana anakwenda hospitali na pesa, na risiti inaandikwa kwa jina la mhazini. Fundi mmoja wa boila aliniletea risiti ya upasuaji wa taya iliyokuwa na jina la mama muuza mboga wa Shauri Moyo. Nikamuuliza huyu ni nani wako. Akanijibu kwa fahari, "Huyo ni jirani, Mama. Ndiye alinilipia." Upendo ule wote ukawa ndio uliomnyima haki yake, kwa kuwa mfuko haukuwa na namna ya kumlipa muuza mboga kwa taya la fundi. Nilimwonea huruma sana, na ilinibidi nimrudishe.

Vyombo vyangu vya kazi vilikuwa vichache. Nilikuwa na muhuri, tochi ndogo, na kioo cha dirisha chenyewe, ambacho nilikitumia kuangalia picha za eksirei kwa mwanga wa jua. Bwana Ndolo alinifundisha kuzisoma, si kama daktari, ila kiasi cha kujua jino liko wapi na lingepaswa kuwa wapi. Halafu kulikuwa na plasta. Madaktari wanaonyoosha meno humng'atisha mgonjwa unga laini uliokandwa, kisha humimina plasta humo, wakapata taya zima la mtu, jeupe, linalofunguka na kufungika. Walikuwa wakituletea mataya hayo pamoja na maombi. Kabati langu lilijaa. Mama anayetusafishia ofisi alikataa katakata kupangusa rafu ile. Alisema hawezi kupangusa watu wakimtazama kwa meno. Kwa hiyo vumbi la pale nililipangusa mimi miaka yote.

Sasa nije kwenye neno lililonisumbua kuliko yote. Mfuko wetu hulipa ugonjwa na hulipa jeraha. Haulipi kasoro ya kuzaliwa, na haulipi urembo. Ukitaka waya za kunyoosha meno, jambo la kwanza watakalojiuliza wale waliokaa mjini na kupitisha maombi ni kama unataka kupona au unataka kupendeza. Siwalaumu wote. Wako waliotaka kupendeza. Kuna msimamizi mmoja aliwahi kuniombea jino la dhahabu kwa sababu, alisema, lile lake linamsumbua akicheka. Nilimwambia apunguze kucheka. Lakini neno urembo lilipigwa muhuri pia juu ya watu ambao hawakuwa wakicheka hata kidogo.

Bwana Ndolo alipostaafu na kurudi kwao, wosia wake kwangu ulikuwa juu ya neno hilo. "Ukiliona, usibishane na waliolituma," aliniambia. "Rudi kwa mgonjwa, umuulize kilichomfika." Kisha akaongeza, kwa sababu alipenda sana methali za Kiswahili kuliko sisi wenyewe, kwamba jino la pembe si dawa ya pengo. Sikumwelewa siku ile. Nilimwelewa alipokuja Musyoka.

Musyoka mnamjua, dereva wa lori la sabuni, yule mkimya. Mke wake aliondoka zamani, akamwachia binti mchanga aitwaye Mwende, na aliyemlea ni mama yake Musyoka, ambaye jengo zima lao kule Kware humwita Susu, yaani nyanya kwa Kikamba. Mwende alipoletwa kwangu alikuwa gredi ya saba. Alisimama nyuma ya babake, mkono umefunika mdomo. Nilimsalimu akaitikia kwa macho. Babake akaniambia mtoto hasomi kwa sauti darasani, haimbi kanisani, na akila hung'ata shavu kwa ndani mpaka hutoka damu. Daktari wa meno wa Eastleigh alikuwa amependekeza waya, kazi ya miaka miwili, kukazwa kila mwezi. Taya lake la plasta lilikuwa ndani ya mfuko wa nailoni. Nililifungua. Chonge za juu zote mbili hazikuwepo, na meno mengine yalikuwa yamehama kujaza nafasi, moja limelala ubavu, jingine limegeuka kuelekea ulimi.

Ombi lilirudi kutoka mjini na muhuri mmoja: urembo.

Nilikumbuka wosia. Nikamwita Musyoka, nikamfungulia mlango wa pembeni asisimame dirishani kama mtu anayenunua stampu, nikamuuliza.

"Musyoka, hizi chonge zilikwenda wapi?"

"Hazikuota, Mama."

"Hazikuota, au zilitolewa?"

Akaivua kofia yake, akaikunja ukingo. Mimi nilikuwa nimeshajua, na daktari naye alikuwa amejua ila hakuambiwa na mtu. Shiko, wewe bado hujazaa, kwa hivyo nitakueleza. Mtoto mchanga akishikwa na homa na kuhara kabla ya kuota meno, wako watu wakimtazama ufizi wakaona uvimbe mweupe pale chonge zitakapotokea, husema ni meno ya plastiki, meno mabaya, ndiyo yanayomuua. Basi huchokolewa. Kinachotoka si plastiki, ni chipukizi la jino lenyewe. Na usidhani ni mambo ya kabila moja. Nimeyaona kwa Wakamba, na nimeyaona Majengo nilikozaliwa, kwa watu wa dini yangu mimi.

"Ni Susu," Musyoka akasema mwishowe.

Nikamweleza jinsi mambo yalivyokaa. Nikiandika meno hayakuota, ni kasoro ya kuzaliwa, hailipwi. Nikiacha vilevile, ni urembo. Lakini yakiandikwa yalivyokuwa, hilo ni jeraha, na jeraha mfuko hulilipa, moja kwa moja kwa daktari, wala kodi haigusi.

"Si uandike alianguka?"

"Anayeanguka huvunja ya mbele, Musyoka. Hachagui chonge na chonge."

"Mama, hapo umenigusa pabaya. Yule ni mamangu. Ndiye alilea huyu mtoto, mimi nikiwa barabarani. Sasa nimwandike kama mwizi?"

"Hapaandikwi mwizi. Panaandikwa chanzo."

"Kwangu ni kitu kimoja. Na wakija kumshika? Heri kiwanda kinipe pesa mkononi, kodi ikate inachokata."

Nilimwambia ukweli: itakata, na kitakachobaki hakitafika mwisho wa miaka miwili. Akikwama katikati, waya zitabaki mdomoni mwa mtoto zikivuta meno bila mtu wa kuyaelekeza, na hiyo ni hali mbaya kuliko kutoanza. Nimeiona. Musyoka akavaa kofia. "Basi tuwachane nayo," akasema, akatoka. Nilikaa pale na lile taya jeupe mbele yangu, nikiwa na hasira ambayo sikujua nimpelekee nani.

Wiki iliyofuata, Musyoka akiwa safari ya Kisumu, askari wa getini alinipigia simu kwamba kuna mwanamke mzee ananitafuta. Nikamkuta amesimama dirishani, leso kichwani, sweta limefungwa vifungo vyote hadi shingoni, na Mwende kando yake na sare ya shule.

"Wewe ndiye Maimuna wa meno?"

"Ndiye, mama. Karibu ndani ukae."

"Sitakaa. Nikikaa nitaogopa." Akaweka mkono wake wa kulia juu ya ubao wa dirisha, kiganja chini. "Andika. Ni mimi nilifanya. Ni hii mkono."

Nikamuuliza nani aliyemwambia. Akasema nyumba yao ni chumba kimoja na pazia, na pazia halifungi maneno. Alimsikia mwanawe akiongea na ndugu yake kwa simu. Nikachukua kalamu. Nilimuuliza yale ninayopaswa kuuliza, nikajilazimisha kumtazama usoni nikiuliza.

"Mtoto alikuwa wa miezi mingapi?"

"Hata kukaa hakuwa amejua."

"Uliyatoa na nini?"

"Spoki ya baiskeli. Niliichemsha. Niliichemsha sana, mwanangu."

"Kwa nini uliyatoa, mama?"

"Homa ilimshika siku tatu. Na mimi nilikuwa nimezika mwingine mbele yake, ndugu mdogo wa Musyoka. Huyo hatukumtoa. Watu wakaniambia kwa matanga, ungemtoa hayo meno angeishi. Wakaniambia hapo kwa kaburi. Sasa huyu nimwachilie tu?"

Mwende alikuwa akisikiliza. Sijui alijua nini kabla ya hapo. Aliutoa mkono wake mdomoni, na hiyo ndiyo mara ya kwanza kuisikia sauti yake, nene kidogo, yenye mluzi kwenye pengo.

"Susu, niliumia?"

"Ulilia mpaka ukalala," nyanyake akamjibu. "Nikalia na wewe."

Sikumficha yule mama. Nilimwambia maneno haya yatasomwa na daktari wa mfuko, na labda na wengine, na sheria ya watoto hailipendi jambo hili, na mimi siwezi kumuapia kwamba hakuna atakayeuliza. Akasema wakiuliza atawajibu yeye, si mimi. Kisha akaniambia, "Andika pia alikuwa na homa."

Kwenye fomu hakuna mahali pa kuandika homa ya miaka kumi na zaidi iliyopita, wala pa kuandika nia ya mtu. Kuna chanzo, kuna tarehe, kuna sahihi. Niliandika pembeni, kwa mwandiko mdogo, kwamba bibi alikusudia kumponya. Nikamsomea. Akaitikia kwa kichwa, akatia kidole gumba kwenye wino.

Musyoka aliporudi alikuja dirishani kabla hata hajaegesha lori sawasawa. "Mama, umemfanyia nini mamangu?" Watu wa foleni ya mishahara wakageuka. Mwenyewe sikuwa na hakika. Hakunisalimu kwa muda mrefu baada ya hapo. Akipita ukumbini alikuwa akitazama ubao wa matangazo, ambao hauna lolote la kusoma tangu nianze kazi. Niliumia. Nilimpenda kijana yule.

Daktari wa mfuko alimpigia Susu simu, wakaongea kwa muda mrefu. Nasikia alimuuliza kwa upole. Hakuna aliyekuja kumshika. Ombi likapitishwa kama jeraha. Mwisho wa mwezi Musyoka alichukua hati yake ya mshahara kwenye dirisha la kwanza, akaisoma amesimama, juu mpaka chini, akitafuta mahali walipomwongezea matibabu ya mwanawe kama mapato. Hakuna kilichokuwa kimeongezwa. Akaikunja, akaja mpaka kwangu, akasema, "Mama, habari za asubuhi." Nikamjibu ni nzuri. Tangu siku hiyo tulikuwa tunasalimiana.

Waya zilikaa mdomoni mwa Mwende miaka miwili na ushee. Zilipotolewa alikuja kunionyesha, na bado hakuwa mtoto wa kelele, lakini aliongea mikono ikiwa chini. Aliniambia amechaguliwa kusoma Neno kanisani Jumapili. Susu alikuwa nyuma yake, anamtazama kisogo, haniangalii.

Ningependa kuishia hapo. Barua nyingi za wastaafu huishia mahali kama hapo, na ninazielewa. Lakini mliniomba ninayoyajua, na hili ni mojawapo.

Wiki yangu ya mwisho, Shiko, ile siku uliyokwenda kuchukua vitabu vya hundi benki, Susu alirudi. Sikuwa nikimtarajia. Alikuwa ameshika mkono wa mtoto wa kama miaka minane, kaptura imemzidi, nami nikadhani ni mjukuu mwingine.

"Huyu ni wa nani, mama?"

"Ni wa nyumba ya chini yetu. Babake anabeba mizigo soko la Gikomba." Akampandisha mtoto kaptura. "Mamake aliniletea akiwa na homa."

Nilielewa, na sikutaka kuelewa. Nikamuuliza wako wangapi.

"Sijui. Nilikuwa nasifiwa, mwanangu. Walikuwa wananiletea mpaka kutoka mtaa wa Pipeline. Walisema mkono yangu ni mwepesi."

Nilimweleza kwa lugha nyepesi niliyoweza. Kwamba mfuko ni wa kiwanda. Kwamba baba wa mtoto huyu hana hati ya mshahara, hana mpango wa afya, hana hata kodi ya kukatwa ambayo mtu angeweza kumpunguzia. Nilimwambia kuna hospitali ya wanafunzi wa udaktari ambako wanaweza kumtazama kwa bei nafuu, wajaribu huko, na foleni yake ni ndefu. Niliyasema yote haya kwa sauti ya ofisi, ile mnayoijua, na nilijichukia nikijisikia.

"Mama," nikamwambia, "dirisha hili halina nafasi yake."

"Najua. Musyoka aliniambia." Akamsogeza yule mtoto mbele, mpaka kidevu chake kikafika kwenye ubao wa dirisha. "Lakini mtazame."

Mtoto akafungua mdomo bila kuambiwa. Nikainama, nikamtazama.